Neno la Kwanza Alipewa Mwingine

Mtaani kila mtu alimwita Msusi, hata mume wake akiwa na haraka. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wateja wanaosubiri zamu huku wakiteta. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi. Mteja aliingia nywele zikiwa timtim, akatoka na mistari iliyonyooka na habari za mtaa mzima.

Binti yake wa pekee aliurithi mdomo huo. Kabla hajatimiza miaka mitatu alikuwa akipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, anawahoji wateja wanakwenda wapi, wameolewa na nani, na kwa nini nywele zao za nyuma zimekatika. Wakambandika jina la Chiriku.

Kisha Chiriku akaanguka kwenye ngazi za jirani, akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa wiki sita, mguu umefungwa kamba na kuvutwa na mzigo unaoning'inia mwisho wa kitanda. Kanuni ya wodi ile ilikuwa kwamba kengele ya jioni ikilia, wazazi wote nje. Siku za mwanzo mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Wiki ya tatu akaacha kulia. Muuguzi mmoja akasema, "Mwanao ameshazoea, hana tabu," na Msusi akajipa moyo kwa maneno hayo.

Walipomrudisha nyumbani mguu ulikuwa umeunga vizuri. Neno ndilo halikuwapo. Wiki ikapita, mwezi, miezi minne. Masikio yalipimwa yakaonekana mazima. Akiitwa aligeuka, akitumwa kijiko alileta, ila kusema hasemi. Mgeni akibisha hodi, Chiriku alijichimbia chini ya meza mpaka mgeni aondoke. Na kwa kuwa saluni ni wageni kutwa nzima, mtoto akawa mtu wa chini ya meza.

Daktari wa kituo cha afya akawaelekeza kwenye chumba cha nyuma, kile cha tiba ya michezo. Mtaalamu wake alikuwa dada kijana, nywele zimenyolewa fupi, hana pete wala mtoto, na sauti yake ya chini ilimlazimu mtu kumsogelea ili amsikie. Watoto walimwita Anti, na wakubwa wakafuata. Chumba kilikuwa na zulia, sanduku la mchanga, beseni la maji lenye chupa na vikombe, wanasesere, na kitanda cha hospitali kilichotengenezwa kwa boksi la viatu.

"Sasa hapa mnatibu nini?" Msusi aliuliza. "Naona mnacheza tu."

"Tunacheza kweli, Mama Chiriku. Mtoto mdogo hawezi kukaa kitini akakueleza kilichomuumiza. Atakionyesha kwa mikono."

"Na utajuaje kama anapona?"

Anti akatoa fomu mbili, ya bluu na ya njano. Ya bluu angejaza yeye kila baada ya kipindi. Ya njano angejaza mama nyumbani kila wiki. Zote zilikuwa na mistari sita ile ile: mtoto anakaa karibu au mbali na mtu mzima, anaanzisha mchezo mwenyewe au anangoja, anamtazama mtu usoni, anatoa sauti, anatamka neno, na muda wa mchezo ukiisha anafanyaje. Kila mstari ulipewa alama kuanzia sifuri mpaka nne.

"Siyo mtihani," Anti alisema. "Hakuna kufaulu wala kufeli. Mimi namwona dakika arobaini kwa wiki, wewe unamwona siku zote. Bila karatasi yako, yangu ni kipofu."

Msusi akaitikia kwa kichwa. Lakini mpe mtu yeyote karatasi ya alama, umwambie siyo mtihani, uone kama atakuamini.

Wiki nne za mwanzo Chiriku aliingia chumbani akilia, Anti akimwachia mlango nusu wazi ili amwone mama yake kwenye benchi la ukumbini. Machozi yale yalimtia Msusi uchungu, na ndani ya uchungu mlikuwa na utamu kidogo, maana yalisema mtoto bado ni wake. Wiki ya tano walipofika kwenye kona ya ukumbi, Chiriku akauchomoa mkono wake. Hakugeuka nyuma. Alikimbia kwa kuchechemea mpaka mlangoni, akaingia, na mlango ukafungwa. Msusi akabaki ameushika mfuko wa vitafunio, mkono wa pili ukiwa hewani kama wa mtu anayesimamisha gari.

Wiki ya sita Anti alitoka macho yakimng'aa. "Mama Chiriku, leo ametamka neno."

"Neno gani?"

"'Tena.' Nilimimina maji kwenye chupa, yakajaa, nikanyamaza. Akaniangalia, akasema, 'Tena.' Taratibu, lakini nimesikia vizuri."

Msusi alimshukuru. Alishukuru mara mbili, akacheka, akambusu mtoto. Njiani akaanza kuhesabu. Miezi mitano alikuwa amesubiri. Amebembeleza, ameimba, ameahidi pipi, amelia mbele ya mtoto huyo. Kuzaa nizae mimi, aliwaza, neno apewe mwingine! Na nani? Msichana asiyejua hata uchungu wa kuzaa ukoje.

Alipofika nyumbani hakufungua saluni. Alijaza maji kwenye beseni la kuoshea nywele, akaleta chupa, akamkalisha Chiriku mbele yake. Akamimina. "Haya, sema tena. Tena, mwanangu. Sema kama ulivyomwambia Anti. Te-na." Mtoto aliangalia maji, akamwangalia mama, akashuka na kuingia chini ya meza.

Mume wake, ambaye alikuwa mwoka mikate na alirudi mchana akinuka unga, alimkuta bado amekaa mbele ya beseni.

"Si amesema lakini?" alisema baada ya kusikia habari. "Tumshukuru Mungu."

"Amesema kwa nani, Baba Chiriku? Amesema kwa nani?"

"Kwa mtu. Juzi hakusema kwa mtu yeyote."

"Wewe huelewi."

"Labda sielewi," mume alisema, akavua viatu.

Tangu siku hiyo Msusi akaanza kumchunguza Anti kama mke anayemchunguza mke mwenzake. Aliona jinsi Chiriku alivyomwegemea gotini. Aliona siku moja mtoto akimpapasa kile kichwa chake kifupi, taratibu, kwa kiganja. Kwa mama msusi, mwenye nywele za kusukwa mpaka mgongoni, mtoto alikuwa haweki mkono. "Nywele zenyewe hana," Msusi alimwambia mteja siku iyo hiyo, akivuta msuko mpaka mteja akaguna. "Kichwa kama kokwa la embe, halafu mtoto anakipapasa."

Kila mwisho wa mwezi Anti aliunganisha alama zote kwenye karatasi moja kubwa. Mstari wa bluu ulikuwa unapanda kama mtu anayepanda ngazi. Wa njano ulikuwa umelala.

"Hapa amefika mbali," Anti alisema akionyesha kwa kalamu. "Nyumbani bado kidogo. Ni kawaida."

Alisema kwa upole tu. Lakini Msusi alisikia: hapa kuna mama, nyumbani hakuna. Wiki hiyo alipoketi na fomu ya njano, kwenye mstari wa kutamka neno akaandika mbili. Aliitazama ile mbili. Haikufanya kitu, haikupiga kelele. Kwenye nafasi ya maelezo akaongeza: *Amesema "mama".*

Anti alipoisoma alishika mdomo kwa mikono miwili. "Mama Chiriku! Kwa nini hukunipigia simu?" Akamkumbatia. Na Msusi, aibu yake ikiwa imejificha chini kabisa, alionja ushindi. Mwenzake sasa ndiye aliyekuwa anauliza, alisemaje, alikuwa amekaa wapi, sauti ilikuwaje. Yeye ndiye aliyekuwa na habari.

Uongo ukishaingia ndani haukai kwenye kigoda, unataka kiti. Wiki iliyofuata aliandika tatu, na maneno "maji" na "nipe". Iliyofuata akaandika kwamba mtoto anaomba kwenda chooni mwenyewe. Mwezi wa tatu mstari wa njano uliupita wa bluu, na Msusi aliutazama kwenye karatasi kubwa kama mtu aliyeona jina lake gazetini. Mume wake hakujua lolote. Fomu zilikuwa kazi ya mama.

Ndipo Anti akaja na pendekezo. "Nimekaa na msimamizi wangu, tumeangalia alama. Kama nyumbani anaongea kuliko hapa, basi anayemhitaji sasa siyo mimi tena. Anahitaji watoto wenzake. Tumpeleke chekechea asubuhi tatu kwa wiki, na vipindi vyangu tuvipunguze mpaka viishe. Wewe unaonaje?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Msusi angeweza kusema, ngoja kwanza, nilikosea kujaza. Alifungua mdomo. Lakini alichosikia kichwani ni yale maneno mawili ya mwisho, *mpaka viishe*. Hakutakuwa na Anti. Mtoto atarudi mikononi mwake, maana atakuwa hana mwingine.

"Mimi naona sawa," alisema.

Mwalimu wa chekechea aliambiwa kwamba mtoto mpya ni mkimya mbele ya wageni, ila akihitaji kitu ataomba. Kwa hiyo akangoja aombwe. Asubuhi ya kwanza Chiriku alisimama ukutani saa nzima amebana miguu. Alimtazama mwalimu. Mwalimu alimtabasamia na kungoja. Mkojo ukatoka, ukatiririka mpaka kwenye mkeka wa wenzake, na watoto wakaruka na kucheka kama watoto wanavyocheka. Chiriku akaingia chini ya meza. Mwalimu alipoinama kumtoa, mtoto akamuuma mkono.

Alipelekwa mara tatu zaidi, na kila mara ikawa mbaya kuliko iliyotangulia. Aliporudishwa kwa Anti alikuwa hagusi maji wala mchanga. Alikaa nyuma ya mlango dakika arobaini, uso ukutani. "Tena" ilikuwa imekufa. Fomu ya bluu ikarudi sifuri, mstari baada ya mstari.

"Hili ni kosa langu," Anti alimwambia Msusi ukumbini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeharakisha. Nimeziamini namba kuliko macho yangu. Hapa alikuwa bado anatamka neno moja moja, nikasema kama nyumbani anaweza, basi anaweza. Nimeandika taarifa kwa msimamizi. Pengine watampa mtu mwingine ampokee."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiomba moyoni miezi yote ile: Anti ashindwe, Anti aondoke. Msusi aliagana naye, akamshika mtoto mkono, akatoka. Alivuka uwanja wa kituo na kufika kwenye duka la dawa lililo mkabala. Chiriku alitembea kando yake kama mzigo unaoburutwa, mkono umelegea, hauna mshiko. Mkono huo ndio aliokuwa ameupigania. Akasimama. Watu wakampita kushoto na kulia. Kisha akambeba mtoto, akarudi.

Anti alikuwa anafuta meza. Msusi hakukaa.

"Hajawahi kusema 'mama'," alisema. "Wala 'maji', wala 'nipe'. Chooni nampeleka mimi. Nyumbani hajasema kitu tangu atoke hospitali. Zile namba nilizitunga."

Anti aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kuwa safi. "Zote?"

"Tangu ile mbili ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu." Neno lilitoka kavu. "Alikupa wewe neno. Nikaona unanichukulia mtoto."

Chiriku alikuwa amelaza kichwa begani kwa mama, macho wazi.

"Mama Chiriku," hatimaye Anti alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya chini, "uliniambia pale mbele pana ngazi. Mimi nikamshika mtoto mkono, nikamwambia akanyage. Hapakuwa na ngazi. Umeelewa? Ameanguka mara ya pili, na mara hii sisi wawili ndio tuliomwangusha."

"Nimeelewa."

"Ungenitukana ingekuwa afadhali. Ungenikataza nisimguse."

Machozi yalikuwa yakimdondoka Msusi kwenye gauni la mtoto, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Nendeni," Anti alisema. "Leo sina la kusema. Njoo Alhamisi. Na taarifa nitaiandika upya, yote, na jina lako litakuwemo."

"Liwemo."

Jioni hiyo alimwambia na mume wake. Alidhani atafoka. Mwoka mikate alisema tu, "Leta hiyo fomu ya njano. Tutajaza wote wawili." Na hilo lilimchoma kuliko kufokewa.

Alhamisi Anti hakumwelekeza kwenye benchi la ukumbini. Alimkalisha kwenye zulia, ndani. Masharti yalikuwa matatu: asiulize swali, asifundishe, asimsifu mtoto kwa kutaka ajibiwe. Amfuate tu, na akipewa kazi aifanye. Kwa mtu aliyekula kwa mdomo wake miaka kumi, hiyo ilikuwa adhabu ya kufunga. "Hii rangi ga…" angeanza, na Anti angekohoa. Alijifunza kuumeza ulimi. Alikaa akiutazama mkono wa mwanawe ukimkabidhi Anti mdoli, siyo yeye, na roho ikimuuma, akakaa hivyo hivyo. Nyumbani alijaza moja, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Ile moja ilikuwa ya kukaa karibu, na aliibishania na mume wake nusu saa kabla hajakubali kwamba kweli mtoto alisogea.

Mwezi wa pili Chiriku alimlaza mdoli kwenye kile kitanda cha boksi, akamfunga mguu kwa uzi. Kisha akamshika mama yake kidole, akamvuta mpaka mlangoni, akamtoa nje na kufunga mlango. Msusi akabaki ukumbini. Alitaka kubisha, alitaka kuita. Mlango ukafunguka kidogo, jicho likachungulia, ukafungwa tena. Mara saba. Mara ya nane mtoto alimvuta ndani, akamkalisha pembeni ya kitanda cha boksi, akauweka mkono wake juu ya mdoli na kuukandamiza usitoke. Anti akaivuta fomu ya bluu. Aliandika.

Usidhani neno lilifuata hapo. Neno lilikuja wiki tatu baadaye, na alipewa baba. Mwoka mikate alikuwa anatoka, mtoto akamwambia, "Viatu," maana alikuwa amevaa ndala. Mwanamume alikimbilia saluni na mguu mmoja peku. "Kasema! Kanisemesha! Kasema viatu!" Wateja wakapiga vigelegele, mmoja akanyanyuka na kofia ya plastiki kichwani akacheza. Msusi alicheka nao. Kisha akasema anakwenda kuleta taulo, akaingia chumba cha ndani, akaiuma ile taulo mpaka meno yakamuuma. Baba! Mtu ambaye hata siku moja hakummiminia maji kwenye chupa!

Alipotulia alichukua fomu ya njano. Kwenye mstari wa kutamka neno akaandika moja. Kwenye maelezo akaandika: *Viatu. Kamwambia baba yake.* Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi, lakini aliandika kama ilivyokuwa.

Yeye zamu yake ilifika Jumapili moja asubuhi, hakuna mteja. Alikuwa anamsuka Chiriku, ameukaza msuko wa mbele kama kawaida yake.

"Unaniumiza," mtoto akasema.

Zaidi ya mwaka alikuwa amelisubiri neno lake la kwanza, na limekuja kama lawama. Alitaka kumgeuza, ambusu, amwambie sema tena. Badala yake aliulegeza msuko, akaanza upya, taratibu, na Chiriku akaendelea kulitengeneza gari lake la kizibo.

Mambo hayakwenda mbio. Chekechea walirudi baada ya miezi mitano, safari hii Anti akienda nao, na mwalimu akiwa ameambiwa ukweli. Mistari yote miwili ilipanda polepole, ikashuka mtoto alipougua mafua, ikapanda tena. Ilipokaa sawasawa kwa wiki nane, Anti alisema kipindi kijacho kitakuwa cha mwisho.

Siku hiyo Chiriku alielewa. Alipoambiwa muda umekwisha aliikumbatia miguu ya Anti, akalia kwa sauti ya mtoto aliyerudishiwa sauti yake: "Sitaki! Namtaka Anti! Sitaki kwenda!" Ukumbini watu wakageuka. Msusi alisimama mlangoni na wivu ulimpanda kama zamani, moto ule ule. Zamani angemkwanyua. Alingoja. Alimwacha alie mpaka kilio kikawa kwikwi.

"Mbebe wewe mpaka barabarani," alimwambia Anti, akainama kuokota viatu vya mtoto na kuwafuata nyuma.